Sehemu Hii Haiwezi Kuachwa Wazi

Vikombe vilikuwa vinne, na nyumba ile ilikuwa na watu watatu.

Aliyeviweka ni bibi. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na kazi moja tu, kutofautisha mwanga na giza, lakini meza ya asubuhi ilikuwa yake, na kwa miaka sita hakuwahi kukosea. Kikombe chake kilichokatika mpini, kikombe cha binti yake, kikombe cha mjukuu. Jumanne ile aliongeza cha nne, kile cha wageni, akakimiminia chai mpaka pomoni, akakisukuma taratibu hadi upande wa meza usiokuwa na mtu.

Mjukuu alikuwa na miaka tisa, na wote walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Aliuliza hicho ni cha nani. Bibi akajibu ni cha ndugu yao, si alifika jana mchana, au wao hawakumsikia akibisha hodi? Chiriku akacheka mpaka akamwaga chai. Mama yake hakucheka, ila pia hakuogopa, maana mtu aliyechelewa kazini hana nafasi ya kuogopa. Alisema tu, "Mama, leo umezidisha kimoja," akavaa viatu. Mlangoni alisikia harufu ya karatasi iliyolowa na wino wa muhuri. Ilikuwa harufu ya kazini kwake, akadhani ameibeba kwenye nguo.

Alikuwa karani wa masjala kwenye ofisi ya kumbukumbu za vizazi na vifo. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kiti kilekile, na wenzake walimwita Bi Faili. Ukimtajia mwaka na mwezi, alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye rafu, anarudi na daftari lako, kisha anakugombeza kwa nini umechelewa kuja.

Miezi minane kabla ya kikombe kile, serikali iliingia ubia na kampuni. Serikali ilete madaftari, kampuni ilete mashine, na mwananchi akae kwake, afungue simu, apate cheti bila kupanga foleni. Bango likatundikwa getini: KUMBUKUMBU ZAKO, NYUMBANI KWAKO. Bi Faili aliusifu mpango huo kwa moyo mweupe, maana aliijua foleni ile kuliko hata wanaoipanga. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa wawili walikaa vizuri sana. Shida ni kwamba hakuna aliyekubali kulifagia zizi.

Skana za kampuni zilipiga picha kwa rangi nyeusi na nyeupe tu. Rangi nyingine zinajaza nafasi, walisema, na mkataba haukuzitaja. Nani angejali? Wino wa serikali ni mweusi au wa bluu. Isipokuwa katika daftari moja.

Daftari hilo liliitwa la wasio na wenyewe. Humo waliandikwa watu waliokutwa wamekufa, wakazikwa bila mtu wa kusema huyu ni wetu. Kisanduku cha ndugu wa karibu kiliachwa wazi, kwa matumaini kwamba siku moja atatokea mtu akijaze. Lakini mahali pachache, labda kurasa tatu au nne kwenye daftari zima, makarani wa zamani walikuwa wamekipiga kisanduku kile mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe. Kila karani mpya aliambiwa jambo hilo siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo: penye mstari mwekundu hapaandikwi ndugu. Bi Faili aliuliza kwa nini. Mzee aliyemfundisha, ambaye sasa naye alikuwa kwenye daftari la vifo, alimjibu bila kuinua macho. "Wengine walioletwa humu hawakuwa wafu, mwanangu, na hawakuwa watu. Walifungwa kwa wino. Asiye na ndugu hana pa kwenda."

Sasa mstari mwekundu, ukiupiga picha kwa skana ile, unapotea. Na mfumo wa kampuni ulikuwa na sheria yake. Kila rekodi lazima iwe na ndugu wa karibu, na ndugu huyo lazima awe na namba ya uraia ya mtu aliye hai. Ukikiacha kisanduku kama kilivyo, maandishi yanatokea: SEHEMU HII HAIWEZI KUACHWA WAZI. Bi Faili aliandika barua. Mkuu wa masjala akasema fomu ni ya kampuni. Msimamizi wa kampuni, kijana mpole mwenye kitambulisho kifuani, akasema fomu iliidhinishwa na wizara. Wizara haikusema kitu. Huku nyuma kila karani alitakiwa amalize rekodi mia tatu kwa siku, na kwenye kona ya kioo cha kompyuta kulikuwa na saa ndogo iliyohesabu dakika za kila aliyeinuka kwenye kiti.

Makarani si wajinga, wakatafuta njia. Kila mmoja aliingiza namba yake mwenyewe kwenye kisanduku, mfumo ukaridhika, kazi ikasonga. Wakawa ndugu wa maiti wasiowajua. Tutarekebisha baadaye, waliambizana, na hakuna maneno yaliyosemwa mara nyingi katika ofisi ile kama hayo.

Jumatatu, saa saba mchana, Bi Faili alifika kwenye namba arobaini na moja ya daftari la wasio na wenyewe. Juu ya kisanduku aliona kitu, uzi mwembamba wa kijivu unaokatiza kutoka pembe hadi pembe. Unaweza kuwa vumbi la kioo cha skana. Unaweza kuwa mkunjo. Daftari lenyewe lilikuwa rafuni, hatua nne tu. Aliangalia saa ile ya kwenye kona, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa imekwisha kumwonya mara mbili, akaingiza namba yake. ASANTE, mfumo ukasema. IMEHIFADHIWA.

Hivyo ndivyo mgeni alivyopata mahali pa kwenda.

Jumatano jioni, wakiwa wanakula, muhuri uligongwa chumbani. Du. Haukuwa mlango wala dirisha. Bi Faili aligonga mihuri miaka kumi na tisa na hakuhitaji kuambiwa. Kimya kidogo, du tena. Aliingia, akakuta kitanda, kabati, na ile harufu, safari hii nzito zaidi. Kwenye ukuta mweupe juu ya mto wa Chiriku kulikuwa na duara la wino, bado bichi. Alilifuta kwa kitambaa. Alijiambia mtoto amechezea vitu vya ofisini, ingawa alijua muhuri wake hautoki ofisini, na alipomuuliza Chiriku, mtoto alitikisa kichwa tu, hakutetea kesi yake. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Chiriku wa kawaida angejitetea hadi kesho yake.

Alhamisi aliomba ruhusa, akarudi nyumbani saa nane mchana, jua likiwa kali na mtaa mzima umelala. Tangu uani alisikia sauti ya mwanawe chumbani, ikibwabwaja kama zamani, kuhusu mwalimu aliyekaa kwenye chaki na paka wa jirani aliyezaa kwenye ndoo, na bibi akiitikia na kucheka, na moyo wa Bi Faili ukatua kiasi kwamba alisimama kwenye korido akavua viatu na kutabasamu peke yake, akasukuma mlango akamwona bibi amekaa kitandani ameuelekea upande wa kabati, ambako ile sauti ilikuwa bado inaendelea, sauti ya mwanawe yenyewe, na kile kigugumizi chake kidogo kwenye herufi ya r, ikitoka mahali ambapo hapakuwa na mtu wala kivuli cha mtu ila hewa iliyokuwa inatetemeka kidogo kama juu ya mkaa, na kabla hajapata nguvu ya kuita akahisi kitu kinamshika sketi kwa nyuma, akageuka, na aliyemshika alikuwa Chiriku, amesimama na sare zake za shule, midomo imefungwa, machozi yanateremka bila hata mlio.

Sauti kule kwenye kabati ikanyamaza. Kisha ikasema, kwa upole, "Karibu, dada."

Alimbeba mtoto, akamvuta na bibi mkono, wakakaa kwa jirani hadi jua lilipozama. Chiriku alifungua mdomo mara nyingi. Hakikutoka kitu. Bibi alikuwa anauliza kwa nini wanamkimbia ndugu, mtu mwenye adabu vile.

Pale kwa jirani ndipo Bi Faili alipofungua ile tovuti kwenye simu, akaingiza namba yake, akaangalia ukurasa wa kaya yake. Wanakaya: wanne. Wa nne hakuwa na sura wala tarehe ya kuzaliwa. Namba 41, uhusiano: ndugu wa karibu. Chini yake kulikuwa na maandishi ya njano. *Rekodi ya Namba 41 na rekodi ya mtoto zimeonekana kufanana. Zitaunganishwa Jumatatu saa sita mchana. Rekodi ya zamani zaidi ndiyo itakayobaki.*

Aliisoma mara nne. Alikuwa amewahi kuunganisha rekodi mara nyingi kazini. Alijua ile isiyobaki inakwenda wapi: haiendi popote.

Ijumaa ilimwishia kwenye korido. Mkuu wa masjala alimsikiliza, akakuna kidevu, akasema yeye hana ufunguo wa mfumo, mfumo ni wa kampuni. Msimamizi wa kampuni akasema wao ni watunzaji tu, rekodi ni mali ya serikali, yeye akigusa hata nukta amevunja mkataba. Akarudi kwa mkuu. Mkuu akasema kama ni mkataba, uko wizarani. Akapiga simu ya huduma iliyoandikwa kwenye bango. Muziki ulicheza dakika hamsini, ukikatizwa na sauti inayomwambia kwamba yeye ni muhimu sana kwao. Hatimaye dada wa simu akapokea, mchangamfu ajabu.

"Kufuta rekodi inawezekana, mama," alisema. "Tunahitaji idhini ya ndugu wa karibu, na idhini ya mhusika mwenyewe."

"Mhusika aliandikwa amekufa kabla mimi sijazaliwa."

"Basi ambatisha cheti chake cha kifo."

"Hicho cheti ndicho ninachotaka kifutwe."

Dada wa simu akagonga vitufe. "Ombi lako limepokelewa," akasema. "Utajibiwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi."

Bi Faili alikaa kwenye ngazi za ofisi yake mwenyewe akalia, na hakulia kwa hofu. Alilia kwa hasira, hasira ya mtu aliyewatuma wananchi dirisha namba tatu kwa miaka kumi na tisa, na leo ametumwa yeye.

Jumamosi alimleta fundi cherehani. Mama yule alikuwa na kibanda mtaa wa nyuma, alikuwa anashona sare na mapazia, na aliyetaka kujua alijua kwamba alikuwa pia anatoa majini. Alikuja mchana, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alifukiza ubani kwenye kila pembe, akasoma dua alizozisoma, akamkalisha Chiriku kwenye mkeka katikati ya chumba na kusimama mbele ya kabati. Ubani ulishindwa na harufu ya karatasi mbichi. Muhuri ukagonga ukutani, du, karibu na kichwa chake, lakini mama yule hakupepesa.

"Mtoto wa watu amekukosea nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Jibu lilitoka kwa sauti ya Chiriku, na Chiriku mwenyewe akaziba masikio. "Hajanikosea. Mimi ni ndugu yao. Nimeandikwa."

"Toka."

"Anayesema toka ni nani?"

"Mwenye nyumba hii anasema."

"Sikai nyumba hii. Hapa nimefuata njia tu. Nakaa kule nilikoandikwa," ile sauti ilisema. "Mwenye kule ni nani? Aje aniambie yeye, nitatoka."

Fundi aligeuka kumwangalia Bi Faili. Bi Faili akasema, ni serikali. Kabati likacheka. Akasema, basi ni kampuni. Likacheka zaidi, kicheko cha mtoto wa miaka tisa, kilekile alichokisikia Jumanne juu ya chai iliyomwagika.

"Nendeni mkakubaliane kwanza," ile sauti ikasema. "Mimi nipo."

Uani, fundi aliuzima ubani kwa mchanga na kukaa chini kama aliyebeba magunia. Alisema amewatoa kwenye miti, kwenye majumba, na kwenye damu za watu, kwa sababu kila kitu kina mwenyewe, na mwenyewe akisema toka, jini hana ubishi. Huyu ameshikilia kitu cha wawili ambacho hakuna anayekubali ni chake.

"Hafukuziki, mwenzangu," alisema. "Anahamishika tu. Anataka ndugu, basi mpe ndugu mwingine. Lakini usije ukasema sikukwambia. Utakayemwandika ndiye atakayeishi naye."

Jumatatu Bi Faili aliwaacha Chiriku na bibi kwa jirani, akafika kazini wa kwanza. Alifungua rekodi ya namba arobaini na moja. Kisanduku cha ndugu wa karibu kilikuwa na kalamu ndogo pembeni. Kubadilisha iliruhusiwa, kufuta haikuruhusiwa. Alijaribu hata hivyo. Sehemu hii haiwezi kuachwa wazi. Alijaribu sifuri tupu. Namba hii si ya mtu aliye hai. Saa tano unusu alikuwa na namba ya mkuu wa masjala mbele yake, na alimchukia vya kutosha. Ila mke wa mkuu alikuwa amejifungua mapacha mwezi ule, na mkuu alikuwa amewaonyesha ofisi nzima picha zao. Akavuta ya msimamizi wa kampuni. Kijana yule alikuwa anapigiwa simu na mama yake kila siku saa nne, kumuuliza kama amekula. Vidole vilikataa.

Saa sita kasoro dakika nne jirani alimpigia. Chiriku amelala kwenye mkeka, alisema, haamki, na mikono yake imekuwa myeupe, Bi Faili, myeupe kama karatasi.

Ndipo macho yake yakaanguka chini ya kioo. Pale palikuwa na maandishi madogo ambayo alikuwa ameyaona mara nyingi hata hayaoni tena: *Msimamizi wa kumbukumbu*, na namba. Ilikuwa namba ya ubia wenyewe. Serikali na kampuni walipotia saini waliuandikisha, na mbele ya sheria ubia ule ulikuwa mtu, una namba kama mtu, tarakimu zilezile. Bi Faili alihisi furaha mbaya ikimpanda kifuani. Hamtaki kusema ni cha nani? Basi mleeni wote wawili. Aliiingiza namba ile, tarakimu moja moja, na zikiwa zimebaki sekunde za kuhesabu akabonyeza.

ASANTE. IMEHIFADHIWA.

Simu ikaita palepale. Alikuwa Chiriku. Alilalamika kwamba ana njaa, kwamba jirani amemlaza kwenye mkeka unaowasha, kwamba bibi anasema ndugu ameaga na kuondoka bila kumaliza chai, na je, ni kweli paka wa jirani alizaa kwenye ndoo, maana anakumbuka kama ameota. Mama yake hakumkatiza. Alisikiliza dakika ishirini, saa ndogo kwenye kona ikimhesabia, na machozi yakilowesha mezani.

Jumanne asubuhi meza ilikuwa na vikombe vitatu.

Alitembea kwenda kazini mwepesi kama msichana, hadi alipokata kona ya mwisho na kuiona foleni. Foleni ile ilikuwa imekufa miezi mitatu nyuma. Sasa ilianzia dirishani kwake, ikatoka getini chini ya bango, ikafuata ukuta mpaka barabara kuu. Watu walikuwa wameshika karatasi walizochapisha kwenye vibanda vya kompyuta. Hawakuwa wanapiga kelele kama foleni za zamani. Kilichomshtua zaidi ni watoto, jinsi walivyokuwa wengi na jinsi walivyokuwa kimya.

Alikaa, akafungua dirisha. Wa kwanza alikuwa baba mmoja mwenye kofia ya kazi ya ujenzi, amemshika binti yake mkono.

"Mama, samahani," alisema polepole, akisukuma karatasi. "Sisi tuko watano. Huyu wa sita ni nani?"

Bi Faili hakuhitaji kuisoma. Aliisoma hata hivyo. Namba 41, uhusiano: ndugu wa karibu. Na chini kabisa ya karatasi, kama ilivyo chini ya rekodi ya kila mtu aliyewahi kuzaliwa katika nchi ile, *Msimamizi wa kumbukumbu*, na namba aliyoiingiza jana kwa mkono wake.

"Binti yangu haongei tangu jana mchana," baba akaendelea. "Na hapa pameandikwa kuunganishwa, Jumatatu. Mwenye mambo haya ni nani, nikamwone?"

Nyuma ya Bi Faili, kule kwenye rafu ambako hapakuwa na mtu, muhuri uligonga. Du. Binti yule mdogo aliinua macho na kuangalia huko, kisha akaangalia mahali patupu kando yake, kama mtu anayehakikisha kwamba aliyekuja naye bado yupo.

Bi Faili aliichukua karatasi, akaiweka upande wa kushoto, mahali ambapo zingefuata nyingine. Alitaka kusema kweli. Midomo ilifunguka, na kilichotoka kilikuwa kile alichokisema maisha yake yote.

"Jaza fomu hii," alisema. "Tutarekebisha baadaye."